Jiko Nililompa Bwire

Nimewaachia kibanda, vijana wangu, mwezi uliopita, na kifua changu kimefurahi kuliko mke wangu, ambaye sasa kila akigeuka ananikuta hapo hapo nyumbani Buhare. Miaka yote nimevuta moshi wa kulehemu na vumbi la bati mpaka nikikohoa jirani anauliza hali. Mapato sitayazungumzia, maana yalikuwa yanapita tu kwenda dukani. Vyeo navyo niviache. Kibandani kwetu tulikuwaga na cheo kimoja, fundi, na fundi ni yule aliyeshika nyundo siku hiyo.

Siku nawakabidhi funguo, Rashidi akaniuliza mbele yenu, "Mzee Idi, kuna nahodha ana mashua mpya ya tanga, anataka jiko la kupikia humo ndani. Nimpe lipi?" Nikasema nitamjibu. Nikachukua kofia yangu nikaondoka, na nyie mkadhani ni uchungu wa kuacha kazi. Hapana. Swali lile limenichokesha kwa miaka tisa. Kuna mtu anaitwa Bwire, alikuwa mpishi wa mashua, akaunguzwa mikono na jiko nililolichagua mimi. Akafukuzwa kazi, akaitwa mzembe pale mwaloni ambapo mashua zinashusha samaki, na kila mtu akaamini. Mimi nilijua kosa ni langu na nilinyamaza. Kwa hiyo Rashidi, jibu lako ni refu, tafuta kigoda ukae.

Kazi nilianzia Bunda, kwenye kibanda cha Mzee Sefu pale Kabasa. Mzee Sefu kwa baba alikuwa mtu wa Ujiji, kwa mama Mjita, na kwa ubishi hakuwa na kabila. Siku ya kwanza alinipa jiko la mafuta ya taa, lile la kupampu, pamoja na sindano nyembamba ya kuzibulia tundu la moto. "Zibua," akasema, akaenda zake kuswali. Aliporudi sindano ilikuwa imekatikia ndani ya tundu. Nikakaa nangoja kofi. Akaliangalia jiko, akaniangalia mimi, akasema, "Haya, hilo sasa ni lako. Ukiitoa, uniite." Nilikaa nalo siku tatu. Nilipomwita alikuja, akalipampu, akaliwasha, akachemshia chai yake na wala hakunipa.

Jambo la pili alilonifundisha ni kukunja ncha. Ukikata bati kwa mkasi, ule ukingo unaobaki ni kisu, na lazima uukunje kwa nyundo mpaka upitishe kidole bila kuogopa. Alikuwaga anapitisha kidole chake mwenyewe kwenye kila kazi yangu. Akijikata, anakinyanyua kinachuruzika damu, ananionyesha. Nilijifunza haraka, kwa sababu kusemwa na mtu mzima kunavumilika, lakini damu yake ni aibu.

Wapishi wa mashua walikujaga kwake kutoka mialo ya upande wa Ukerewe. Hakumuuzia hata mmoja jiko kabla hajamwona akisonga. Alikuwa na ubao mpana, anaulaza juu ya gogo la mviringo. Juu ya ubao jiko, juu ya jiko sufuria ya maji yanayochemka, na sisi vijana wawili, mmoja huku na mmoja kule, kazi yetu kuuyumbisha ubao. "Ziwa limechafuka!" anapiga kelele. "Songa!" Mpishi anamwaga unga wa muhogo, anashika mwiko, na ugali wa muhogo mnaujua, haubembelezwi, unapigwa kwa bega zima. Jiko likihama hata upana wa kidole kimoja, Mzee Sefu analirudisha kwenye nyundo. Majirani walituona wendawazimu. Tulikula ugali mwingi wa majaribio, mara nyingi bila mboga.

Watu wanafikiri adui wa jiko la mashuani ni mawimbi. Mawimbi yana adabu zake, yanakuja kwa zamu, na mpishi anayazoea. Kinachosumbua ni mkono wa mpishi mwenyewe. Hilo nililithibitisha nilipohamia Musoma na kufungua kibanda changu pale Kitaji. Alikuja mzungu mmoja mwenye mashua ndogo ya tanga ya kutembelea tu. Alikuwa na jiko kutoka kwao, zuri ajabu, limening'inizwa kwa vyuma viwili ubavuni, ili mashua ikilala upande, jiko lenyewe libaki wima. Chai yake haikumwagika hata tone. Shida ilikuwa kwa mpishi wake, Mjita mmoja mnene. Akisukuma mwiko, jiko linaenda. Akiuvuta, linarudi na kumpiga tumboni.

"Fundi," akaniambia, "mimi nimeajiriwa kupika. Hili jiko linataka tucheze ngoma."

Nikaweka komeo la chuma kwa chini. Ukipika chai, unafungua libembee. Ukisonga ugali, unalifunga. Mzungu alicheka mpaka akakaa. Nami nikajiona nimehitimu, hakuna tena wa kunifundisha jiko la mashua. Mzee Sefu alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na ule ubao wake niliurithi nikauegemeza ukutani nyuma ya mlango.

Ndipo akaja Mafuru. Mafuru alikuwa nahodha na ndiye mwenye mashua, mashua ndefu ya tanga moja, iliyobeba dagaa wakavu kutoka visiwani na kurudi huko na unga, sabuni na kreti za soda. Watu watano, siku mbili majini, na upepo ukigoma siku tatu. Mpishi wake ndiye Bwire, mtu wa Butiama, mpole, mwenye mikono mikubwa kiasi kwamba sufuria mikononi mwake ilionekana kikombe. Alikuwaga anapikia jiko la mkaa lililokaa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Mafuru alikuwa ameona gesi kwa dada yake, na ikamwingia kichwani.

Tulikaa kibandani kuchagua. Mkaa, nikasema, unakula nafasi, na mvua ikiunyeshea mnalala njaa. Mafuta ya taa moto wake ni mzuri, upepo hauuzimi kirahisi, lakini yakimwagikia gunia la dagaa hakuna mnunuzi atakayeligusa. Gesi ni safi, inawaka mara moja. Mafuru akaitikia kwa kichwa kila neno. Bwire alikuwa amesimama mlangoni.

"Fundi, mimi niachie mkaa wangu," akasema.

"Kwa nini?"

"Gesi inavuja."

"Ikivuja utaisikia. Harufu wameitia makusudi, ili mtu asikie."

"Nitaisikiaje, Mzee? Mimi nalala juu ya magunia ya dagaa. Ukikaa nao siku mbili pua inakufa. Hata sabuni ninayoogea siisikii."

Nilicheka. Mafuru naye akacheka. Nikamwambia, "We Bwire, mambo ya sufuria ni yako. Ya bati niachie mimi." Akainamisha kichwa, akasema sawa Mzee. Wallahi, kati ya maneno yote niliyowahi kuyatoa mdomoni, hayo ningelipa kuyarudisha.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapa ndipo penye kazi. Nyumbani kwetu mtungi wa gesi tunaufichaga. Unakaa chini, ndani ya kitu chenye kufuli, kwa sababu wezi wanaupenda kuliko redio. Nikafanya hivyo hivyo kwenye mashua. Nikamtengenezea sanduku la bati lenye kifuniko na kufuli, nikaliweka chini kabisa, kwenye tumbo la mashua, nikijisifu kwamba uzito wa mtungi utasaidia chombo kutulia. Sikutoboa tundu hata moja. Gesi ni nzito kuliko hewa. Jikoni kwako ikivuja inatambaa sakafuni, itatafuta uwazi wa chini ya mlango. Kwenye tumbo la mashua hakuna mlango. Inakaa pale chini ya magunia, inakusubiri na kiberiti chako.

Ubavuni mwa sanduku nikakata pa kupitishia mpira wa kwenda kwenye jiko. Mafuru alitaka kutweka tanga jioni ile ile, ananiharakisha, na mimi nikakubali kuharakishwa. Ule ukingo sikuukunja. Na ubao wa Mzee Sefu ulikuwa pale pale nyuma ya mlango, sikuugusa. Ningemwambia Bwire asonge ugali mmoja tu pale kibandani, ningeona jinsi jiko lilivyokuwa likihama kidogo kila akisukuma mwiko, na jinsi mpira ulivyokuwa ukivutwa ukirudi, ukivutwa ukirudi, juu ya kile kisu.

Safari tatu walienda wakarudi salama, na Mafuru akanisifia kwa watu. Ya nne, asubuhi, wakiwa wameshaiona milima ya Musoma, Bwire alichukua kiberiti apike uji. Moto haukuanzia kwenye jiko. Ulianzia miguuni. Ulikimbia chini ya magunia, ukashika pembe ya tanga, na mpira ukawa unawaka kuelekea kwenye mtungi. Wenzake wanne walirukia upande wa mbele. Ufunguo wa kufuli Bwire alikuwa ameuvaa shingoni. Alipiga magoti palepale penye moto, akafungua kufuli la bati lililokwisha kuwa jekundu, akaukumbatia mtungi, akautupa ziwani. Ndiyo maana watu watano walifika nchi kavu. Mikono yake nayo haikufika, kwa maana ya mikono ile mikubwa niliyowatajia.

Mafuru aliniita nikaangalie mashua. Niliinama kwenye tumbo lake, nikaushika mpira, kipande kilichonasa kwenye ule ukingo, nikaona mkato. Mkato mnyoofu, wa bati. Nilijua pale pale. Nikautoa, nikautia mfukoni.

"Umeona nini, Fundi?" Mafuru akauliza kutoka juu.

Nikamjibu, "Gesi haitaki mzembe."

Hayo tu. Sikumtaja Bwire. Haikuwa lazima. Mafuru alihitaji maneno mawili matatu ya fundi, akayapata, na mpaka adhuhuri mwalo mzima ulikuwa unajua kwamba Bwire alikuwa anavuta sigara juu ya gesi. Kile kipande cha mpira nikakitumbukiza chooni nyumbani kwangu. Na Bwire mwenyewe kule hospitali, walioenda kumwona waliniambia, alikuwa anarudia neno moja, labda sikufunga koki ya jiko, labda sikufunga koki. Mimi sikwenda kumwona. Nilisema nina kazi nyingi.

Akarudi Butiama. Siku za Idi nilimtumiaga sukari kwa watu wanaoelekea huko, na akanirudishia salamu, mwambieni fundi ahsante sana. Sukari ile nilijuta kuituma kila mwaka, na kila mwaka nikaituma.

Baada ya hapo niligeuka fundi mwangalifu sana. Mlinishangaa mkisema mzee huyu anatoboa matundu kama ana ugomvi na bati. Basi, Rashidi, hili ndilo jibu. Mashua ya dagaa usiipe gesi kabisa. Mpe sanduku la mchanga, kina cha shibiri moja, na jiko la mkaa lenye miguu iliyopigiliwa kwenye fremu ya chuma, na fremu ifungwe kwenye mbao za mashua. Asipikie ndani palipofunikwa na turubai, moshi wa mkaa hauna huruma. Mkaa autunze kwenye dumu lenye kifuniko. Ikiwa mashua haibebi dagaa na mwenyewe anang'ang'ania gesi, mtungi ukae juu, wazi, umefungwa kwa mkanda, na kama ni lazima uwe ndani ya sanduku, sanduku liwe na tundu chini la kutokea nje ya ubavu wa mashua, kuelekea majini. Wezi waibe, watakuwa wameiba mtungi tu. Kunja ncha. Halafu toa ubao, mwambie mpishi asonge, na akikuambia kitu, nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Nilipofika nyumbani siku ile ya funguo, mke wangu akaniuliza mbona nimepooza. Nikamwambia yote, mara ya kwanza. Akasema, "Na unakula, na unalala?" Kesho yake nikapanda gari kwenda Butiama.

Nilimkuta Bwire uani kwake, anaswaga ndama kwa fimbo aliyoifunga kwenye kifundo cha mkono kwa kamba. Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana, vya kushoto viwili havikunjiki. Alifurahi, Mungu wangu, alifurahi kweli. "Shikamoo Mzee Idi! Mama Magesa, leta kiti, fundi wangu amekuja!" Mkewe akaleta kiti, akaenda kuwasha moto wa chai. Nikaona vijiti, kuni, kila kitu anafanya mama, na Bwire hata hakusogea upande ule. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeungama, "Mimi moto sijaugusa toka siku ile. Sijiamini nao."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Ukingo, mpira, tundu, mfukoni, chooni. Nilipomaliza alikuwa bado ameishika ile fimbo. Hakunitazama.

"Koki?" akauliza.

"Koki uliifunga. Gesi ilivuja kabla ya kuifikia koki, kwenye mpira. Umekatwa na bati langu."

"Mama Magesa," akaita. "Njoo hapa. Mzee, rudia."

Nikarudia. Mama Magesa alisikiliza huku ameshika kipande cha kuni, kikamwangukia miguuni asikiokote. Akasema, "Mimi nilimsema huyu. Mbele ya watoto. Nimewaambia watoto baba yenu alijitakia." Akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso na kanga. Bwire akamtazama yeye, si mimi, na hapo ndipo alipopandisha sauti.

"Miaka tisa, Mzee Idi! Nilikuwa nakuombea dua! Nilikuwa nawaambia watu fundi yule ndiye peke yake ananikumbuka!"

"Nisamehe, Bwire."

"Sijui kama nitakusamehe. Mafuru alinitangaza mwaloni. Na wewe utanitangaza mwaloni. Leo."

Tulikwenda siku ile ile, gari moja, viti viwili tofauti. Mafuru siku hizi miguu haina nguvu, hasafiri tena, anashinda kwenye kibanda chake pale mwaloni anauza nyavu na kamba. Alipomwona Bwire alisimama. Nikamweleza, akavua kofia, akaanza, "Bwire, ndugu yangu, mimi niliambiwa na fundi..."

"Subiri," Bwire akasema. "Hajamaliza. Aseme nje."

Kwa hiyo nilisimama nje, pale dagaa wanapoanikwa, mzee wa miaka sabini na kifua kibovu, nikapaza sauti. Nilisema naitwa Fundi Idi wa Kitaji. Nikasema moto wa mashua ya Mafuru ulikuwa kosa langu, Bwire hakuvuta sigara, hakuacha koki wazi, alionya nikamcheka, na ndiye aliyeokoa watu wanne. Nilikohoa katikati, nikaanza tena. Wapagazi wawili walisimama na magunia yao kidogo, kisha wakaendelea. Nikawatafuta wale waliokuwa wakimwita mzembe, nikagundua siwaoni. Wengine walishahama, wengine walishakufa, na hawa waliopo ni watu wapya kabisa.

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juani hakuinua hata kichwa. "Kwani huyo Bwire ndiyo nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimjibu. Bwire akanipita, akaenda akasimama mbele ya yule mama, akainua mikono yake yote miwili ili aione.

"Ni mimi," akasema.